Spana na Choo cha Nyuma ya Karakana

Mwalimu wetu wa mabomba alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na miwani iliyofungwa kwa uzi wa katani upande mmoja. Chuo kizima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo, kilimwita Spana. Jina hilo alilipata kabla hajaajiriwa, kabla hata hajawa mwanafunzi, na ukijua alivyolipata umejua pia wanawake walivyoingia katika chuo kile. Alinifundisha miaka miwili. Mengine alinisimulia mwenyewe tukiwa tumeinama juu ya bomba lililoziba, mengine nikayaona kwa macho yangu.

Chuo chenyewe ni cha zamani. Kilianza na mabanda mawili, moja la wahunzi na moja la maseremala, ili wapatikane mafundi wa kutengeneza mikokoteni na milango. Likaja jengo kuu la mawe, lenye korido ndefu inayonukia nta ya sakafu. Maktaba ikawekwa juu ya stoo ya vifaa, ndiyo maana vitabu vyetu vyote vina harufu ya grisi. Zikafuata karakana za uashi, umeme na mabomba, zahanati ya vyumba viwili, mabweni manne, na mnara wa tangi la maji ambao mgeni huuona kabla hajaliona geti. Kwa miaka arobaini kila kilichojengwa humo kilijengwa kwa kumfikiria mwanamume. Sidhani kama kuna kikao kilichokaa kikaamua hivyo. Haikumpitia mtu akilini kwamba inaweza kuwa vinginevyo.

Mama yake Spana alikuwa dobi wa chuo. Alifua mashuka ya mabweni yote manne, na alipewa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana ya useremala. Spana alikulia hapo. Alilala na kuamka kwa sauti ya misumeno, na akiwa na miaka kumi alikuwa anaweza kukwambia kwa kusikia tu kama randa ni kali au butu. Alipomaliza shule akiwa na miaka kumi na minane, na matokeo mazuri mkononi, alivuka uwanja wa mpira, akaingia ofisi ya msajili na kuomba nafasi katika darasa la mabomba.

Msajili alikuwa mzee nadhifu, mwenye mihuri mitano iliyopangwa kwa ukubwa mezani. Alisoma vyeti vyake vyote, akavirudisha.

"Matokeo ni mazuri sana, binti. Lakini haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Chuo hakina choo cha wanawake."

Spana alidhani anataniwa. "Mama yangu anafanya kazi hapa mwaka wa kumi na tisa sasa. Anakwenda wapi?"

"Hilo mimi sijui," msajili akasema. Na kweli alikuwa hajui. Mama alikuwa akiacha kazi, anavuka uwanja hadi nyumbani, anarudi. Wapiga taipu wawili wa ofisini walikuwa wakitembea hadi zahanati, na zahanati ikiwa imefungwa walivumilia hadi jioni.

"Basi niandikie hivyo hivyo," Spana akamwambia. "Kwamba umenikataa, na sababu ni choo."

Msajili hakuona ubaya. Kwake yeye sababu ilikuwa sababu. Akaandika barua ya mistari minne, akaigonga muhuri, tena akachagua ule mkubwa. Spana aliikunja, akaenda nayo nyumbani, akamsomea mama yake aliyekuwa anapiga pasi. Mama alimalizia shati kwanza. Kisha akauliza, "Sasa utafanya nini?"

"Nitasubiri wajenge, au nitajenga mimi."

Hapo alisema tu kwa hasira. Lakini mwaka uliofuata alipoomba tena na kupata barua ileile, imebadilishwa tarehe tu, hasira ikageuka mpango. Alikwenda mjini kwa fundi mmoja mkongwe wa mabomba aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, akamwomba amfundishe. Fundi alimwangalia toka kichwani mpaka miguuni, akampa bomba la inchi moja na msumeno wa chuma, akasema kata. Alikata. Lilikatika mshazari kama kona ya kitambaa. Fundi akampa jingine. Alikata mabomba siku nne kabla hajaambiwa neno jingine. Alikaa kwa fundi yule miaka miwili na nusu. Alijifunza kuchonga meno ya bomba, kuzungusha uzi wa katani kwenye meno hayo bila kuacha uvimbe, kupima mteremko wa maji taka kwa jicho, na kuingia kwenye chemba bila kukunja uso. Fundi alipoacha kazi kwa sababu ya mgongo, alimpa spana yake kubwa ya mabomba, ya chuma kizito, urefu wa mkono kutoka bega hadi kiganja. Kila alipokwenda alikwenda nayo begani. Jina likaanzia hapo.

Akiwa na miaka ishirini na moja alirudi chuoni, na safari hii hakwenda kwa msajili. Alimsubiri mkuu wa chuo mlangoni pa ukumbi wa walimu, wakati wa chai. Mkuu alikuwa mtu mkubwa, mwenye kicheko cha kusikika uwanja mzima, na alipenda kuchekesha walimu wake.

"Mzee," Spana akasema, akamwonyesha zile barua mbili. "Choo kikiwepo, mtanipokea?"

Mkuu alisoma, akawageukia walimu. "Jamani, huyu anataka tumjengee choo." Wakacheka. "Sikiliza, binti. Siku choo kitakapokuwepo, njoo na madaftari yako."

"Naomba uliandike hilo neno hapa chini."

Walimu wakacheka zaidi. Mkuu, kwa kuwafurahisha, alitoa kalamu, akaandika maneno yaleyale chini ya barua, akatia sahihi yenye mikia miwili. Spana akashukuru, akaondoka. Mmoja tu hakucheka, naye ni mwalimu wa uashi. Alimfuata nje.

"Una mahali?" akamuuliza.

"Ile stoo ya mkaa ya wahunzi, nyuma ya karakana. Haitumiki tangu nikiwa mdogo. Kuta tatu zimesimama."

Mwalimu wa uashi akawaza. Kila muhula wanafunzi wake walijenga ukuta kwa ajili ya mtihani, yeye akapita na timazi, akatoa alama, kisha wakaubomoa ili matofali yatumike tena. "Muhula huu," akasema, "hatutabomoa."

Kazi ilikwenda wiki tano. Wanafunzi wa uashi walijenga ukuta wa nne na vyumba viwili vidogo ndani, na kila mmoja alipewa alama zake kama kawaida. Mlango ulitoka useremala, ukasemekana ni mbovu na haufai kuuzwa, ingawa Spana aliniambia hajawahi kuona mlango uliokaa sawa kama ule. Yeye mwenyewe alichimba mtaro, akajenga chemba, akalaza bomba la maji taka hadi shimo kubwa la bweni la kwanza. Msajili aliona vumbi kutoka dirishani kwake. Akamwita mama.

"Dobi, mkanye binti yako. Anachimbachimba mali ya chuo. Unaipenda kazi yako?"

Mama alikuwa na kapu la mashuka kichwani na hakulitua. "Nimemkanya tangu ana miaka mitatu," akasema. "Jaribu na wewe. Ukimweza, uniambie ulifanyaje."

Kilichobaki kilikuwa kuunganisha maji. Bomba kuu lilipita hatua kumi kutoka kwenye choo, lakini ili kuliunganisha ilibidi kufunga koki kubwa chini ya mnara, na ufunguo wa koki ulikuwa kwa mtunza stoo. Spana alikwenda kuuomba mara tatu. Mara ya kwanza mtunza stoo alikuwa na kazi, mara ya pili ufunguo ulikuwa hauonekani, mara ya tatu alimwambia alete kibali cha msajili. Jumamosi mchana, wanafunzi wengi wakiwa mpirani, Spana alipanda kilima cha mnara na spana yake, akaishika koki pale pale kwenye shina, akatia uzito wake wote. Koki ikalia, ikageuka. Maji yakakatika chuo kizima.

Hakujua kwamba mkuu wa chuo alikuwa anaoga.

Alikuwa ndani ya mtaro, maji yamemfika magotini, katikati ya kuchonga meno, aliposikia ndala zinakuja mbio. Mkuu alisimama ukingoni amevaa gauni la kuogea, povu limejaa masikioni.

"Nani amefunga maji?"

"Mimi, mzee."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako. Iko kwenye mfuko wa koti pale juu ya tofali. Mikono yangu ni michafu, itoe mwenyewe."

Mkuu aliitoa ile barua. Alisoma mwandiko wake mwenyewe. Tone la povu likaanguka juu ya sahihi. Spana akaendelea kuzungusha.

"Fungua maji kwanza," mkuu akasema. "Tutazungumza baadaye."

"Nikifungua sasa, mtaro utajaa na kazi ya wiki tano itaondoka. Nipe dakika ishirini."

"Unajua mimi ni nani hapa?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana sahihi yako naiamini."

Mkuu alikaa juu ya rundo la matofali. Alikaa dakika ishirini na tano, kwa sababu kiungio kimoja kilivuja na Spana hakukubali kukiacha hivyo. Kisha Spana akapanda kilima cha mnara, akafungua koki, akarudi, akavuta mnyororo wa tangi la choo mbele yake. Maji yakashuka kama yanavyotakiwa. Mkuu aliangalia yakizunguka na kupotea, akaenda zake.

Jumatatu Spana aliingia darasa la mabomba na madaftari mawili, akakaa kiti cha nyuma. Msajili alituma ujumbe kwamba choo kipo, sawa, lakini wanafunzi wote ni wa bweni, na bweni la wanawake halipo. Spana alijibu kwamba yeye analala hatua mia moja kutoka darasani, karibu kuliko bweni lolote. Msajili akasema jina lake halimo kwenye rejista. Mwalimu wa mabomba wa wakati huo, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa na upande, alichukua kalamu akaliandika kwa mkono chini ya majina mengine. Kesho yake ikaletwa rejista mpya isiyo na jina hilo, akaliandika tena. Hivyo kwa wiki sita. Msajili anafuta, mwalimu anaandika, na Spana anakaa kiti kilekile, anajibu maswali, anapata alama za juu ambazo hazina pa kuingia. Wiki ya saba mkuu aliingia darasani mwenyewe, akampa namba ya usajili iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, akamwambia mwalimu, "Maliza hili jambo, nimechoka kusikia habari ya rejista."

Aliingia hivyo. Mwaka uliofuata wakaja wasichana wanne, na baada yao kumi na mmoja. Alipohitimu aliajiriwa kuwa fundi wa chuo, kisha mwalimu, na mama yake alistaafu akiwa tayari anaitwa mama wa mwalimu. Jambo ambalo, Spana alisema, mama alilifurahia kupita kiasi.

Sasa nije kwenye niliyoyaona mwenyewe.

Chuo kilipotimiza miaka themanini, mimi nilikuwa mwaka wa pili, naishi ghorofa ya tatu katika bweni la wanawake. Bweni hilo lina ghorofa tatu na mabomba thelathini na sita. Yaliyotoa maji yalikuwa kumi na moja, yote chini. Mkandarasi alikuwa ameweka bomba jembamba la kupandisha maji, na Spana alikuwa ameandika taarifa mara nne, kila moja ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Sisi tulipanda na ndoo asubuhi na jioni. Nilijua idadi ya ngazi zile kuliko nilivyojua mafomula ya mtihani.

Mkuu wa wakati huo, mtu mpole wa maneno laini, alitaka kijitabu cha sherehe. Karani wake alimletea Spana rasimu karakanani, tukiwepo. Spana alifuta mikono, akasoma. Katika ukurasa wa sita kuliandikwa kwamba uongozi wa chuo, kwa kuona mbali, uliamua kuwafungulia wanawake milango na kuwaandalia huduma zinazofaa. Ukurasa wa tisa ukataja bweni la kisasa lenye mabomba thelathini na sita.

Alichukua penseli ya seremala, akachora mstari mnene juu ya sehemu zote mbili, akaandika pembeni: si kweli. Siku hiyo hiyo akaitwa kwa mkuu, nami nilikuwa nimeshika vifaa vyake, nikabaki mlangoni.

"Mama," mkuu akasema kwa upole, "hiki ni kijitabu cha sherehe, si kesi ya mahakamani."

"Ndiyo maana naomba muandike kwa furaha. Kilichotokea kinafurahisha kuliko hiki."

"Lakini kuandika kwamba tulimkataa mtu kwa sababu ya choo, mbele ya wageni kutoka wizarani..."

"Mlinikataa mbele ya muhuri. Kama hamtaki kuandika ilivyokuwa, acheni nafasi wazi. Ukurasa mweupe hausemi uongo."

Kijitabu kilichapishwa kama kilivyokuwa. Spana alipokea nakala yake, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Kosa la mkuu lilikuwa moja. Hakukuwa na mtu aliyejua majengo yote kama Spana, kwa hiyo alimpa kazi ya kuwatembeza wageni. Labda alidhani mambo yamekwisha. Wageni walikuwa kama thelathini, wahitimu wa zamani wenye mvi na maofisa waliovaa suti. Spana aliwaonyesha karakana, maktaba, zahanati. Alieleza vizuri sana, na mkuu akaanza kutabasamu. Kisha akawapandisha ghorofa ya tatu ya bweni letu, taratibu, wazee wanapumzika kila kona. Juu, akamgeukia mhitimu mmoja, mkandarasi mwenye jina mjini.

"Mzee umepanda sana, nawa uso."

Mzee alifungua bomba. Likakohoa hewa, likanyamaza. Akafungua la pili, la tatu.

"Haya ni miongoni mwa yale thelathini na sita ya ukurasa wa tisa," Spana akasema. "Wasichana hawa wanapanda na ndoo. Bomba la kupandishia ni la inchi moja na robo, na lilitakiwa la inchi mbili. Nimeliandikia mara nne. Sasa twendeni nyuma ya karakana niwaonyeshe mlango ambao wanawake waliingilia chuoni, kwa sababu ukurasa wa sita umeukosea."

Nao walimfuata. Alisimama mbele ya kile choo, ambacho bado kinatumika, akawasimulia yote: barua, matofali, mkuu mwenye povu. Wahitimu wawili walikuwa katika lile darasa la uashi. Mmoja aliweka kiganja ukutani, akasema safu ya tatu ni yake na alipewa alama sita tu kati ya kumi.

Wiki iliyofuata Spana aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Walikuwa watu watano, wakamtaka aandike barua ya kuomba radhi kwa kukiaibisha chuo.

"Nionyesheni neno moja nililosema ambalo ni la uongo," akawaambia, "na hilo nitaliombea radhi."

Mmoja akasema suala si ukweli bali ni mahali pa kuusema.

"Mara nne niliusema mahali pake. Uko kwenye faili lako hapo."

Walimpa onyo la maandishi na kumzuia asitembeze wageni tena. Alisaini kwamba amelipokea, akaongeza kwa mkono wake kwamba halikubali, akaomba nakala. Karakanani siku ile alikata bomba mshazari, mara ya kwanza tangu nimjue, akalitupa kwenye vyuma chakavu.

Haikupita mwezi wizara ikaandika kuuliza habari za yale mabomba. Mkuu akaja mwenyewe karakanani. "Mwalimu, unahitaji nini?" Spana akamtolea orodha ambayo ilikuwa tayari tangu taarifa ya kwanza. Kazi tuliifanya sisi, darasa zima, wiki tatu. Alitusimamia kila kiungio, na palipovuja alitufungulisha tukaanza upya, hata kama lilikuwa tone moja. Alhamisi asubuhi maji yalifika ghorofa ya tatu. Tulisimama wote kwenye beseni, tukawa tunafungua na kufunga tu.

Kijitabu hakijachapishwa upya. Alipostaafu, miaka miwili baadaye, chuo kilimwandalia cheti cha shukrani katika fremu, kilichosema kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa chuoni. Alikisoma jukwaani, akaomba bisibisi kwa fundi wa vipaza sauti. Akafungua fremu, akakata neno kupokelewa, akaandika juu yake kuingia, akarudisha kioo na kukaza skrubu zote nne. Kisha akamrudishia mkuu ili amkabidhi rasmi, na mpiga picha akawapiga picha.